Barua kwa Mwanangu: Ule Mkono wa Blauzi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mkasi mkononi. Mara ya pili nilikaa chini kabisa, kwa sababu yale maneno yako kwamba "mikono yangu haikuumbwa kwa kazi hii" yalinichoma. Unasema mkono wa blauzi umeufumua mara nne, kila ukiushona unatoka na vikunjo begani, na kitambaa kimeanza kuchakaa pale penye mshono. Sasa umeusukumia mvunguni na wiki mbili hujaugusa.

Mimi wangu niliufungia kabatini miezi mitano. Nilikuwa nimepima tundu la kwapa kwa tepu, nikapima na kichwa cha mkono, yaani ule upinde wa juu unaoshonwa begani, nikakuta mkono umezidi karibu sentimita tatu. Nikaamini nimekosea kukata. Nikapunguza pembeni. Ukaingia bila kikunjo hata kimoja, nikafurahi mno, mpaka mwenye nguo alipoivaa. Ilimbana juu ya kiwiko, akashindwa kunyoosha mikono mbele. Usiku ule nililia, mwanangu, sikufichi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ile ziada huwekwa makusudi: bega ni la mviringo, kitambaa ni bapa, na bila ile ziada hakiwezi kulizunguka bega. Kwa hiyo usipunguze chochote. Huenda ulikata sawasawa tangu mwanzo.

Jibu nililipata kwa uchovu tu. Siku zote nilikuwa nashona mkono ukiwa juu na mwili wa blauzi chini, nipate kuuona vizuri. Jioni moja, macho yamechoka, nikaviweka kinyume. Nilipogeuza nguo kuangalia, bega lilikuwa laini kama limepigwa pasi. Sikuamini. Nikachukua vipande viwili vya urefu sawa, nikavibana mwanzoni tu, nikavishona pamoja bila kuvivuta. Nilipofika mwisho, cha chini kilikuwa kimekwisha na cha juu kimebaki na mkia. Nikarudia na vipande vingine, na vingine tena. Kumbe yale meno ya cherehani yanakisukuma kitambaa cha chini, na mguu wake unaokandamiza kitambaa unakizuia cha juu kisiende. Miaka yote ile nilikuwa nauweka upande wenye ziada mahali ambapo mashine inazidi kuulimbikiza mbele ya mguu, halafu nailaumu mikono yangu.

Nilikaa pale nikiviangalia vile vipande hadi taa zote nyumbani zikazimwa. Furaha ile siwezi kukueleza. Nguo nzima iliyokamilika haijawahi kunipa furaha ya namna hiyo.

Basi jaribu hivi. Piga bandi mistari miwili kwenye kichwa cha mkono, mishono mirefu iliyolegea, kutoka alama ya mbele mpaka za nyuma. (Angalia patani, ile karatasi ya kukatia: mara nyingi alama moja ni ya mbele, mbili ni za nyuma. Mkono wa kushoto ukiuweka kulia hautakaa hata ufanye nini.) Vuta uzi kidogo kidogo, sambaza ziada kwa vidole hadi isionekane tena. Kisha geuza, mkono uwe chini, ushone polepole.

Hukuniambia kitambaa ni cha nini, na hilo ni kubwa. Sufu inakubali kusinyaa kwa mvuke wa pasi. Pamba hukubali kiasi. Poliesta haitaki kabisa, na kama ndiyo uliyonayo, basi ulikuwa unagombana na kitu kisichosinyaa. Hapo ndipo tutalazimika kurekebisha patani yenyewe, nami nitakusaidia.

Na ile mishono inayoruka unayoilalamikia mwishoni mwa barua, badilisha sindano kwanza. Mimi niliwahi kufungua cherehani yote, kumbe ni ncha tu imekuwa butu. Kwa kitambaa cha blauzi, namba 80 inatosha. Namba hiyo ni unene wake, milimita 0.8.

Tangu jioni ile ya vipande, kila nikigundua kitu nakibana kwa pini kwenye daftari, na mstari mmoja wa maelezo. Kipo cha sketi iliyokatwa mshazari, niliyoipinda siku hiyo hiyo badala ya kuitundika usiku kucha kwanza, nayo ikashuka upande mmoja. Kipo na cha uzi uliojifunga mafundo kwa sababu niliukata mrefu kuliko mkono wangu. Sijawahi kumwonyesha mtu daftari hilo. Ukija tutalifungua pamoja.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea vile vipande viwili vya kwanza. Cha bluu ndicho kilichokuwa chini. Shona na wewe vyako, upime mkia unaobaki, uniandikie umeona nini.

Mama yako.