Kanuni ya kugawa majimbo ya uchaguzi iwekwe wazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugawaji wa majimbo ya uchaguzi, jambo linalotugusa sana sisi wakazi wa Kigoma.

Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo manane, yakafika 272, na hakuna hata moja lililokuja mkoani kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu hapa watu 2,470,967, nasi tuna majimbo manane, yaani wastani wa watu wapatao 309,000 kwa kila mbunge, ilhali kwa Tanzania Bara nzima, yenye majimbo 222, wastani huo ni takribani 270,000. Sidai kwamba tumeonewa. Ninachodai ni kwamba mwananchi apewe kanuni ya kukokotolea, aone mwenyewe kama tumeonewa au la.

Marekani wanayo kanuni hiyo. Viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa upya kila baada ya sensa ya miaka kumi. Kila moja ya majimbo yao 50 (kwao jimbo ni sehemu ya nchi yenye serikali yake, si eneo la mbunge mmoja) hupewa kwanza kiti kimoja. Kisha idadi ya watu wa kila jimbo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la viti lilivyonavyo na idadi inayofuata, na lenye jawabu kubwa kuliko yote huchukua kiti kinachofuata, hadi viti 385 vilivyobaki viishe. Mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kuirudia hesabu hiyo darasani. Baada ya sensa ya 2020 New York ilipoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu 89 tu, na kila mtu aliweza kuona upungufu huo ulipotokea.

Hawakuanza hivyo. Baada ya sensa ya 1920 Bunge lao lilishindwa kabisa kugawa viti upya, kwa kuwa wawakilishi wengi wa mashambani hawakutaka viti vihamie mijini, na ndipo sheria ya 1929 ikaufanya mgawo ujiendeshe wenyewe baada ya kila sensa.

Katiba yetu, ibara ya 75, inaitaka Tume ichunguze mgawanyo angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Vigezo hivyo ni vya haki, na anayejua vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Kigoma Kusini, ambako boti ndiyo basi, hawezi kuomba idadi ya watu iwe kigezo pekee. Lakini ibara hiyo haisemi kila kigezo kina uzito gani.

Kwa hiyo naiomba Tume, kabla ya kupokea maombi ya mapitio yajayo, itangaze uzito wa kila kigezo, na baada ya uamuzi ichapishe hesabu ya kila jimbo. Itamke pia ni nani anayehesabiwa. Sensa yetu huhesabu kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mgawo wa Marekani hauwaachi nje wakazi wasio raia. Kwa mkoa ambao wakati wa sensa ya 2022 ulikuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, jibu la swali hilo linaweza kubadili mgawo wetu.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma