Kadi isiyo na betri

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kadi ya kufungulia mlango inapata wapi nguvu ya kujitambulisha ilhali haina betri wala waya. Swali hilo sitaki kulijibu juujuu.

Tafuta kadi ya zamani ya plastiki nyeupe, zima taa, kisha imulike kwa nyuma kwa tochi ya simu. Mara nyingi utaona uzi mwembamba wa shaba umezunguka kandokando, na ncha zake zimeishia kwenye kidoa cheusi. Uzi ni antena. Kidoa ni chipu.

Kisomaji cha mlangoni, yaani kifaa unachokisogezea kadi, mara nyingi hutengeneza uga wa sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Ukisogeza kadi, uga huo hupenya katikati ya mizunguko ya shaba na umeme ukazaliwa humo humo. Jambo hilo mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831. Umeme wenyewe ni kidogo sana, ila unatosha kuiamsha chipu.

Kinachonivutia zaidi ni namna inavyojibu. Hairushi mawimbi yake. Inabadilisha tu umeme inaoutumia, ikiongeza na kupunguza kwa mpangilio wa sifuri na moja, na kisomaji kinahisi, kama ushikavyo ncha ya kamba ukajua mwenzako anavuta upande wa pili. Ndiyo maana kadi hizi husomwa kwa karibu.

Data zenyewe ni chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya chipu, na hukaa miaka hata kadi ikilala kabatini. Nafasi ni finyu: aina moja inayotumika sana humwachia mtumiaji baiti 144, yaani herufi 144 hivi. Aya hii isingeenea humo! Kadi nyingi za milango hubeba namba tu. Jina lako na ruhusa yako viko kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukiipoteza sema mara moja, namba ifutwe.

Na usimwazime mtu. Kadi za kizamani hutaja namba zao kwa kisomaji chochote, hivyo ni rahisi kunakiliwa. Zilizo bora hupewa fumbo jipya kila mara, zikalijibu kwa ufunguo wa siri ambao hautoki nje ya chipu.

Kesho izungushie kadi yako foili ya jikoni, ujaribu kufungua mlango. Niandikie kilichotokea, na unadhani uga ule umezuiwa na nini.

Mzazi wako