Hukumu ilitoka, dada hakurudi

Mhariri,

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, dada yangu aliacha chai nusu kikombe, akakimbilia masomo ya uhazili katika jengo la Ufundi, kando ya ubalozi wa Marekani, Nairobi. Mama hakukiosha kikombe kile wiki nzima. Bomu lililolipuliwa ubalozini asubuhi ile liliua watu zaidi ya 200. Siku hiyo hiyo wengine 11 waliuawa kwa bomu kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam.

Mwaka 2001 mahakama ya New York iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha kwa mashambulio hayo. Nilisikia redioni, nikazima. Nilidhani ningefurahi, kumbe nililia upya. Hata hivyo, sijutii kesi ile. Angalau tulijua wa kumlaumu.

Ila fidia, jamani! Sudan, iliyolaumiwa kwa kuwapa hifadhi al-Qaeda, kundi lililofanya mashambulio hayo, ilikubali kulipa dola milioni 335, lakini nyingi ziliwahusu Wamarekani na waliofanya kazi ubalozini. Dada yangu hakuwa mmojawapo. Alikuwa mwanafunzi tu jengo la jirani, na ukuta uliomwangukia haukuuliza uraia.

Nani atatusaidia sisi kufungua kesi? Mama ana miaka 81, na bado anauliza.

Mfiwa,
Nairobi