Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Huldah Momanyi Hiltsley: Sifa Tumekupa, Sasa Tusomee Kura Zako

Mheshimiwa Huldah Momanyi Hiltsley,
Mwakilishi wa eneobunge la 38A,
Bunge la Wawakilishi la Minnesota, St. Paul.

Salamu kutoka Brooklyn Park. Nakuandikia kama mpiga kura wako, kisha kama Mkenya mwenzako, na naomba uisome barua hii kwa mpangilio huohuo. Wengi wetu tumeugeuza. Tangu usiku wa tarehe 5 Novemba 2024, ulipotangazwa kuwa mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuchaguliwa katika Bunge la Minnesota, Ukenya umetangulia na kura zimesahaulika. Picha yako ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka huku hadi Kisii, Nairobi hadi Dallas. Watu ambao hawajui 38A iko upande gani wa barabara kuu walikuita "binti yetu".

Sherehe ilikuwa halali, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kosa si la mgema peke yake. Wanywaji tumekaa tukisifu bila kuonja. Katika mikutano yetu nimesikia ukipongezwa kwa kuzaliwa kwako, kwa wazazi wako, kwa kuvuka bahari ukiwa mtoto. Kwa mambo uliyoyapigia kura bungeni sijasikia mtu akikupongeza, wala akikulaumu. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Kwanza niseme jambo ambalo wasimulizi wako huliruka. Mwaka 2022 uliwania kiti cha Seneti cha eneo la 38, na katika mchujo wa mwezi Agosti wa DFL, ndiyo Wademokrat wa hapa Minnesota, ukashindwa na Susan Pha, aliyekuwa diwani hapa Brooklyn Park na ambaye baadaye alikwenda kukikalia kiti hicho. Miaka miwili baadaye Michael Nelson, aliyekuwa bungeni tangu 2003, hakutetea kiti chake cha 38A. Ukarudi kwenye milango ileile, ukagonga tena, na safari hii ukapita. Mimi mwaka 2022 ndio unaonifanya nikuamini kuliko 2024. Kwetu Kenya mgombea akikosa cheti cha chama huwa ameshahamia chama kingine kabla ya jua kuzama, au yuko mahakamani, au amegeuka mgombea huru mwenye hasira. Wewe ulibaki DFL, na aliyekushinda leo ni seneta wako kama alivyo wangu.

Tena hauko peke yako. Melissa Hortman, jirani yako wa Brooklyn Park, alishindwa mwaka 1998, akashindwa tena 2002, akaingia bungeni kwa uchaguzi wa 2004 na hatimaye akawa Spika kwa miaka sita. Mohamud Noor wa Minneapolis alimkabili Phyllis Kahn mwaka 2014 akaangushwa. Mwaka 2016 akajaribu tena, na safari hiyo Ilhan Omar akawapita wote wawili, yeye na huyo Bi. Kahn aliyekuwa amekaa bungeni miaka 44. Noor alikipata kiti cha 60B mwaka 2018, Ilhan alipokwenda Washington. Vijana wetu wanaotaka siasa wangefaidika kusikia habari za namna hii kutoka kinywani mwako, zaidi ya kuambiwa tena na tena kwamba Marekani kila kitu kinawezekana.

Kuna jambo la kiufundi pia ambalo huwa tunalipita haraka. Eneo letu linaegemea DFL, kwa hiyo anayeshinda mchujo wa chama kwa kawaida ndiye anayekwenda St. Paul. Uamuzi mkubwa unafanyika Agosti, watu wakiwa kwenye nyama choma na wengine wamekwenda likizo nyumbani. Mwaka huu wa 2026 mchujo ni tarehe 11 Agosti na uchaguzi mkuu ni tarehe 3 Novemba. Viti vyote 134 vya Bunge la Wawakilishi vinagombewa, pamoja na vyote 67 vya Seneti. Jirani zangu walioapishwa uraia zamani, wenye pasipoti ya bluu ndani ya droo, hawajawahi kupiga kura ya Agosti hata mara moja. Ukiwauliza wanasema, "Nilikuwa kazini."

Kazini ni jibu la kweli. Tunapiga shifti za usiku kwenye nyumba za wazee na kwenye nyumba za watu wenye ulemavu, na wengi tunapiga dabo, zamu mbili mfululizo. Lakini sheria ya Minnesota inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi muda wa kwenda kupiga kura bila kumkata mshahara. Mtu anaweza kujiandikisha palepale kituoni siku ya uchaguzi. Asiye na karatasi ya kuthibitisha anwani anaweza kuthibitishiwa na mpiga kura mwingine wa kituo hichohicho, na mmoja anaweza kuwashuhudia hadi wanane. Na kura ya mapema inafunguliwa siku 46 kabla. Haya yote nimeyajua kwa kuuliza huku na huku. Ungeyasema wewe, kwa Kiswahili, kwa dakika tano, yangesambaa kuliko picha ya kuapishwa kwako.

Sasa tuje kwenye Bunge lenyewe, maana wewe umeingia katika kipindi ambacho sijui kama kuna mwakilishi mgeni aliyewahi kukitamani.

Uchaguzi wa 2024 ulitoa sare: Wademokrat 67, Warepublikan 67. Kule Shakopee kiti cha Brad Tabke, Mdemokrat mwenzenu, kilisimama kwa tofauti ya kura zisizofika 20. Kisha mahakama ikaamua kwamba mshindi wa 40B, Mdemokrat, hakuwa mkazi halali wa eneo lake, na sare ikawa 67 kwa 66. Warepublikan wakataka kumchagua Spika na kushika kamati zote kwa wingi huo wa mtu mmoja. Ninyi wa DFL mlikula kiapo mapema, tarehe 12 Januari 2025, katika Kituo cha Historia cha Minnesota, na kikao kilipofunguliwa tarehe 14 hamkutokea. Mlisema akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, ni 68. Tarehe 24 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubaliana nanyi. Mapema Februari mkafikia makubaliano: Lisa Demuth wa Republikan awe Spika, na mara sare itakaporejea, kamati ziongozwe kwa pamoja. Tarehe 6 mkaingia ukumbini, na mwezi Machi uchaguzi mdogo wa 40B ukarudisha hesabu kuwa 67 kwa 67.

Mimi naelewa kwa nini mlikaa nje, na naona mlikuwa na haki. Ila, Mheshimiwa, zaidi ya wiki tatu mwakilishi wangu hakuwa ukumbini, na habari nilizipata kwa wapinzani wenu walioniambia mnalipwa bila kufanya kazi. Mimi nikikosa shifti moja naitwa ofisini kabla sijavua koti. Sikudai uombe radhi. Nilitaka mtu anieleze akidi ni nini, kwa lugha ambayo mama yangu angeifahamu. Ulikuwa na neno zuri la kutuambia: kwamba katika Bunge la namna hii hakuna mswada unaopita bila kura 68, na kwa hiyo kila mjumbe, hata mgeni wa siku moja, anashika mlango. Sijui jimbo gani jingine lingempa mtoto wa mhamiaji uzito huo mwaka wake wa kwanza.

Uzito huo ulionekana tarehe 9 Juni 2025. Mwaka 2023, Wademokrat walipokuwa na Bunge, Seneti na gavana, walipitisha sheria ya kuwaruhusu wahamiaji wasio na makaratasi kujiunga na bima ya afya ya MinnesotaCare, na ilianza kazi Januari 2025. Warepublikan walikataa bajeti yoyote bila kuifuta kwa watu wazima. Mswada wa kuifuta ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65. Kura ya 68 ilikuwa ya Melissa Hortman, peke yake kutoka upande wenu. Alikuwa ameingia katika maafikiano ili serikali ya jimbo isifungwe, akatimiza neno lake, kisha akazungumza na waandishi huku machozi yakimtoka. Watoto walibakishwa kwenye bima. Watu wazima walitolewa mwisho wa mwaka 2025.

Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 14 Juni, aliuawa nyumbani kwake hapa Brooklyn Park pamoja na mumewe Mark. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi kwao Champlin, wakanusurika. Sina la kuongeza juu ya hayo ambalo wewe hulijui zaidi yangu. Ulikuwa mwenzake kazini. Nasema tu kwamba katika matanga yetu, ya kanisani na ya sebuleni, watu walimlilia bila kujua alikuwa amepiga kura gani Jumatatu ile, na waliojua walikasirika wakanyamaza kwa heshima ya marehemu. Mimi kura ile siikubali. Nawajua watu walioguswa nayo, watu wanaowaogesha wazee wa Minnesota na wenyewe hawana daktari. Lakini namheshimu aliyeipiga mchana, akasimama mbele ya kamera akasema kwa nini. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kukupima nacho wewe.

Na hapa lazima niwaseme wenzangu kidogo. Tunakuletea mambo ambayo si yako. Visa ya shangazi imekwama Nairobi, tunakupigia wewe. Kesi ya uhamiaji, wewe. Kusafirisha mwili kwenda nyumbani, wewe uwe mgeni wa heshima na mchango wako usomwe kwa sauti. Uhamiaji ni mambo ya serikali kuu. Mwenye shida ya visa aende ofisi ya Kelly Morrison, mbunge wetu wa Washington, ambaye naye alipitia Bunge la Minnesota. Na mchango wa matanga haupaswi kuwa kodi ya uongozi. Tuliikimbia tabia hiyo Kenya, tukaipakia kwenye sanduku pamoja na majani ya chai.

Yaliyo yako ni mengine, na ndiyo yanayotugusa kila wiki. Leseni za nyumba za huduma ambazo Wakenya wengi wamefungua hapa zinatolewa na jimbo. Ile bodi ya viwango vya wafanyakazi wa nyumba za wazee, iliyoundwa kwa sheria mwaka 2023, inahusu mishahara yetu moja kwa moja. Likizo ya malipo ya jimbo, kwa ugonjwa, uzazi au kumuuguza ndugu, imeanza tarehe 1 Januari 2026, na nasikitika kusema kuna wenzangu wanaokatwa asilimia yake kwenye mshahara bila kujua ni ya nini. Mmoja alidhani ni bima ya meno. Kuna pia hasira juu ya wizi wa fedha za umma katika huduma za jamii, na ukaguzi uliofuata unawabana waaminifu pamoja na wezi. Wenye nyumba hizo watakuambia jambo moja, wafanyakazi wao watakuambia jingine. Mara nyingi wote wawili wanasali kanisa moja. Nataka kujua unasimama wapi watakapokuwa mbele yako pamoja, maana kusimama na wote haiwezekani kila siku.

Ombi langu ni dogo. Chagua kura zako kumi kubwa za kipindi hiki cha 2025 na 2026, zilizopita na zilizoanguka, uandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili na, ukipenda, mwingine kwa Ekegusii: mswada ulisema nini, ulipiga ndiyo au hapana, na kwa nini. Rekodi ipo kwenye tovuti ya Bunge, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Utakuwa umewafikia Wakongo na Warundi wa hapa pia, ambao hawakuhesabiwa katika "binti yetu" lakini wana haki ileile juu ya kiti chako.

Kisha tuitie baraza kabla ya tarehe 11 Agosti. Usiliweke Jumamosi, Wasabato hawatakuja. Jumapili asubuhi ni ya Wakatoliki na Walutheri. Jumapili saa nane mchana ndiyo nzuri: wa zamu ya usiku tutakuwa tumelala kidogo, na wa zamu ya jioni watakuwa na saa moja kabla ya kuingia. Mimi nitaleta viti na chai. Maswali nitakayouliza umeshayasoma.

Wako,
Mpiga kura wa 38A, Brooklyn Park