Waandishi wa hadithi fupi, yasomeni mazungumzo kwa sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na waandishi chipukizi wanaokuletea hadithi fupi. Visa wanavyo, tena vizuri. Kinachowaangusha ni mazungumzo ya wahusika, na kasoro hiyo inarekebishika kabla hadithi haijatumwa.

Kosa la kwanza ni wahusika kuambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua. Dada anamwambia kaka yake: "Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka 3 iliyopita akatuachia shamba hili." Ndugu hawaongei hivyo. Hapo mwandishi anamweleza msomaji kwa kinywa cha mhusika, na msomaji anamshtukia. Mpe kila mhusika kitu anachokitaka, taarifa zitajitokeza zenyewe:

"Hati umeiweka wapi?"

"Hati gani?"

"Ya shamba. Baba hakukuachia peke yako."

Maneno 11 tu, na tayari tunajua kuna urithi, kuna ugomvi, na kuna mtu anaficha kitu.

Wengine huogopa kurudia "alisema", basi wahusika wao hunguruma, hufoka na hubwata ukurasa mzima. Hakuna haja. "Alisema" halimchoshi mtu, macho hulipita. Kama maneno ya mhusika yana hasira, "alifoka" ni la ziada; kama hayana, haliwezi kuyaokoa.

Lipo pia tatizo la Kiswahili chenyewe, nalo naliona zito kuliko yote kwa sababu mwandishi halioni: yeye anawajua watu wake. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Soma hii: "Alimtazama akamwambia aondoke, naye akajibu hatoki mpaka amlipe." Nani anamdai nani? Wahusika wawili wakikutana, taja jina au cheo kila mtendaji anapobadilika: "Mwenye nyumba alimtazama Sada, akamwambia aondoke. Sada akajibu hatoki mpaka arudishiwe kodi yake." Jina kurudiwa si aibu. Aibu ni msomaji kurudi nyuma mistari 5 kutafuta aliyesema.

Angalieni na -ka-. Akafika, akabisha, akaingia, akaketi: mfululizo huo unafaa mambo yanapokwenda mbio. Ukiendelea aya nzima, hadithi inageuka ripoti ya polisi. Ukate pale penye uzito: "Akaingia. Chumba kilinuka mafuta ya taa." Sentensi ya pili haina tendo la mhusika, ndiyo maana msomaji anasimama humo chumbani.

Kazi ikiisha, iachwe walau wiki moja, kisha isomwe kwa sauti. Ulimi ukikwama, sentensi ina kasoro hata kama sarufi ni safi. Halafu yafichwe majina ya wasemaji kwenye mazungumzo. Kama mzee, mtoto na askari hawatambulikani kwa usemi wao, wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi, na hapo ni kuandika upya, si kupaka rangi kwa kumpa askari "afande" mbili tatu.

Nawe Mhariri, ungewafaa sana kama kila wiki ungechapa aya moja iliyohaririwa, ya kwanza ilivyoletwa na ya pili ilivyorekebishwa, zikikaa ubavu kwa ubavu. Aya moja ya namna hiyo itawafundisha kuliko barua hii.

Msomaji wako,
Mhariri wa miswada