Lile kochi nililokupa

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Mama Doreen mpendwa,

Habari za huko Sakina, Arusha? Huku sisi wazima, mvua imeanza na mlima hatujauona wiki nzima. Nimeshika kalamu badala ya kukupigia kwa sababu simu yako anashinda nayo Doreen, na hili sitaki alisome yeye kwanza. Nalisema kabla sijaghairi: kwangu kuna kunguni. Na lile kochi la mtu mmoja ulilobeba kwenye kirikuu ulipohama mwezi wa kwanza lilikuwa limekaa chumbani kwa Irene.

Usilitupe. Wala usilitoe barazani leo. Soma kwanza.

Mimi nilichelewa kujua kwa sababu nilikuwa natafuta kwenye ngozi. Irene aliamka na mapele mkononi, nikasema mbu. Nikashona neti, nikachomekea vizuri, mapele yakaendelea. Baba Irene akajitolea kulala kile kitanda usiku mmoja ili ahakikishe, akaamka hana hata doa, akatutangazia kwamba mtoto ana aleji ya sabuni. Tukabadilisha sabuni! Kumbe wako watu wanaumwa na hawatoki alama yoyote, na wengine alama inajitokeza baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili. Kwa hiyo ukimwuliza Doreen kama anawashwa akasema hapana, bado hujakagua kitu.

Nilikuja kuwaona kwa bahati. Kitanda kilikuwa kinalia, nikachukua bisibisi nikaze skrubu za ubao wa kichwani. Ile ya kushoto ilipotoka, ikatoka na kitu kama ganda la ulezi, jepesi, linapitisha mwanga. Nikapitisha kadi ya benki kwenye ule mwanya wa mbao mbili. Mama Doreen, walitoka watatu. Wawili bapa, rangi ya chai ya rangi, wakubwa kama mbegu ya papai iliyokanyagwa. Wa tatu alikuwa amevimba, mwekundu, mzito, hata kukimbia hawezi. Kuta za tundu lenyewe zilikuwa na vitu vyeupe vidogo kama punje za sukari, vimeganda, havipukutiki. Hayo ndiyo mayai. Na ile harufu niliyokuwa nasema ni ya godoro jipya, tamu-tamu kama giligilani iliyolala, ilinijia puani palepale. Nilikaa sakafuni muda mrefu.

Sasa kochi lako. Lipindue kabisa, miguu juu. Kile kitambaa cheusi cha chini kilichopigwa pini, kibandue upande mmoja umulike kwa tochi, maana hapo ndipo pana giza na hapaguswi. Halafu pita kwenye mishono, kwenye zipu za mito, na pale mkono wa kochi unapokutana na kiti, pembeni pote kwa kadi, taratibu. Si lazima umwone mdudu mzima. Tafuta madoa meusi kama mtu amedonoa kwa kalamu ya wino. Ukiyapata, yasugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa: yakisambaa na kuacha rangi ya kutu, hiyo ni damu waliyokwisha kuisaga. Tafuta na maganda, kwa sababu kunguni hujivua mara tano kabla hajakomaa, na kila ganda analiacha palepale alipolivulia.

Kisha nenda vitandani, hata kama kochi ni safi. Anza kichwani, miguuni baadaye. Pindo la godoro na ile lebo yake, ncha za chaga zinapoingia kwenye fremu, kila tundu la skrubu, fundo la neti, nyuma ya kalenda, nyufa za lipu karibu na mto. Wanapenda kukaa jirani na mlaji wao, hawaruki wala hawadundi, ni miguu tu. Ukiweza amka saa tisa usiku uwashe tochi ghafla, maana mlo wao hauzidi sana dakika kumi na wakishiba wanarudi mwanyani. Mimi sikuweza. Nilijaribu mara moja nikapitiwa na usingizi na tochi mkononi.

Usipoona kitu, rudia baada ya siku kumi. Mayai huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo kuanguliwa, na hapo ndipo nilipokosea mimi.

Maana nilipowaona nilifanya nini? Nilimkimbilia yule kijana anayepita na spika, "dawa ya panya, kunguni, mende, viroboto". Akanipa kichupa hakina lebo wala maelezo. Nikapulizia chumba kizima, Irene akakohoa siku mbili. Wiki mbili kimya, nikamshukuru Mungu, halafu wakarudi, safari hii na sebuleni. Mayai hayakufa, na waliobaki walihama tu. Afisa afya wa kata aliponieleza nilijiona mjinga. Kunguni wengi siku hizi wameshazoea dawa za jamii ileile inayowekwa kwenye neti, na kwa huku kaskazini mashariki mwa Tanzania wataalamu walishaliandika hilo tangu mwaka 2002. Jirani mwingine akashauri mafuta ya taa. Kitandani pa mtoto! Nikamwitikia tu nikaondoka.

Kilichonisaidia ni moto wa jikoni. Joto likipita nyuzi 50 hawasalimiki, wao na mayai yao, ila lazima liwafikie walipo. Chaga zote nilizitoa uani nikazimwagia maji yanayochemka, tundu kwa tundu. Shuka na mapazia nikayaloweka kwenye maji ya moto, kisha pasi. Mishono ya godoro niliipitia kwa pasi na kitambaa kibichi mpaka mgongo ukakataa. Kuanika juani peke yake usikutegemee, wanahamia upande wa kivuli wanakusubiri. Kitanda nimekivuta mbali na ukuta, na kila mguu nimeuweka kwenye kibakuli cha plastiki chenye kuta laini nilichokipaka poda ya mtoto ndani. Anayetaka kupanda anateleza anabaki mle, na asubuhi unahesabu. Jumatatu iliyopita walikuwa wanne. Leo hakuna.

Walikotoka sijui kwa uhakika. Nadhani ni tranka la bweni la Irene, kwa sababu ndani ya kona zake nimekuta maganda. Lakini inaweza kuwa mtumba wowote, au mgeni, au basi. Kilichoniuma ni mama mmoja hapa kwetu aliyesema ni uchafu. Wewe umeshaona nyumba yangu. Kunguni hali vumbi, anakula damu, na ya msafi ni ileile. Ndiyo maana nilinyamaza mwezi mzima, na ndani ya mwezi huo wewe ulikuwa unakaa kwenye lile kochi ukinishukuru kwa simu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko wao. Nisamehe. Na usinitajie ule msemo wa kikulacho, Baba Irene ameshanitajia mara tano.

Jumamosi nakuja na Coaster ya asubuhi, na bisibisi yangu, tulifungue wote hata kama umeshalikagua. Nguo nitazipiga pasi usiku wa kuamkia safari. Usinitandikie kitanda, nitarudi jioni ileile. Niwekee stuli ya plastiki, na ndizi mshare za mtori nitakuletea kwenye ndoo, si kwenye kiroba.

Wako,
Mama Irene