Risala ya Klabu ya Filamu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Filamu utakayoiona punde ni The Wizard of Oz, ya Marekani, ya mwaka 1939. Tulipoitangaza, kidato cha pili waliguna: filamu ya enzi za bibi wa bibi zetu! Wiki iliyopita tuliijaribu kwenye shuka lililotundikwa darasani. Hao hao ndio leo wamewahi viti vya mbele.

Tunadhani kilichowanasa ni mlango. Dorothy anaishi Kansas, na Kansas yote ina rangi ya kahawia kama picha iliyochakaa. Kimbunga kinaizoa nyumba yao. Ikitua, anafungua mlango, na nje kumejaa rangi. Enzi hizo hapakuwa na kompyuta. Kuta za ndani zilipakwa kahawia, na anayefungua mlango ni mwigizaji mwingine aliyevishwa gauni la kahawia. Anajitenga pembeni, kisha Judy Garland, anayeigiza Dorothy, anatokeza na gauni lake la buluu. Hapo darasa zima lilinyamaza, waliokuwa wakiguna wakiwemo.

Halafu kuna wimbo, “Over the Rainbow”. Garland alikuwa na miaka 16 filamu ilipopigwa. Wakubwa wa studio walitaka wimbo huo ukatwe kwa kuwa eti unaichelewesha hadithi. Ukanusurika, ukapata tuzo ya Oscar. (Walimu wanaopunguza nyimbo kwenye ratiba yetu ya mahafali, tunawaomba radhi kwa kulitaja hili.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, filamu hii ilitumia takribani dola milioni 2.8, na ilipotoka haikuiletea studio faida. Ilirudishwa kwenye kumbi za sinema mwaka 1949, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1956, na kuanzia 1959 ikawa inaonyeshwa kila mwaka, familia za Marekani zikiingoja kama sikukuu. Kupendwa kwake kumetokana na kuonyeshwa tena na tena, watu wakiwa wamekaa pamoja.

Na hapo ndipo sisi tunapokwama. Projekta ya leo tumeazima. Tunaomba utusaidie tupate projekta moja na spika mbili, tuonyeshe filamu kila mwisho wa mwezi, hata zile zinazogunwa mara ya kwanza. Shuka tunalo, ingawa ni la bwenini na matroni analitaka kabla ya saa nne usiku.

Tunaomba kuwasilisha.